Hesabu Masaa Kutokea Nyuma, Mdogo Wangu

Leo, wadogo zangu, tuzungumze habari ya nyinyi mnaopita Unguja njiani tu. Umetoka Pemba asubuhi kwa ndege ndogo, au umekuja kutoka Mwanza au Mombasa, na ndege yako ya kwenda Muscat, Dubai au Addis Ababa haiondoki mpaka jioni, pengine mpaka usiku wa manane. Hapo katikati umeachiwa masaa usiyojua uyafanye nini. Mji huujui, ndugu huna, begi unalo mkononi, na moyo umekaa juu juu.

Nimesikiliza visa vyenu vingi, na karibu vyote ni vya namna mbili. Kuna wanaoganda. Binti anakaa kwenye kiti kutwa nzima, hanyanyuki hata kwenda msalani kwa kuogopa ndege itamwacha. Hali wala hanywi kwa sababu bei za mle ndani zimemtisha, na kuuliza anaona haya. Akifika anakokwenda kichwa kinamgonga na machozi yanamlenga, na anayempokea anadhani kaletewa mgonjwa. Halafu kuna wanaopaparika. Huyu amesikia ufuo wa Nungwi, amesikia kobe wa kisiwa cha Changuu, amesikia mashamba ya viungo, amesikia Forodhani, na vyote anavitaka kabla ya saa 10. Anarudi uwanjani anatweta, mchanga umejaa viatuni, kaunta imeshafungwa. Mtaka yote hukosa yote, na huyu hukosa hata ndege.

Sikulaumuni. Hakuna skuli inayofundisha kusubiri ndege, na wengi wenu ndiyo safari ya kwanza. Lakini mkinisikiliza leo hamtapata sababu ya kulia.

Masaa ya kusubiri hayahesabiwi kuanzia ulipotua. Yahesabu kutokea nyuma, kuanzia pale ndege inaporuka. Tuseme umetua saa 3 asubuhi na ndege yako ni saa 11 jioni. Utajisifu kuwa una masaa manane. Huna. Kwa safari ya nje unatakiwa uwe uwanjani masaa matatu kabla, yaani saa 8 mchana, na kaunta nyingi hufungwa saa nzima kabla ya kuruka. Hapo hata ukilia hazifunguliwi. Ondoa muda wa kungoja mzigo na kujiweka sawa, tuseme dakika 45. Ondoa njia ya kwenda na kurudi. Kutoka Uwanja wa Abeid Amani Karume mpaka Mji Mkongwe ni kilomita chache tu, lakini magari yakijazana Kiembesamaki au Mnazi Mmoja, robo saa inageuka nusu saa na zaidi. Mwisho wa hesabu umebakiwa na masaa matatu. Matatu, mdogo wangu. Ni mengi ukiyapa jambo moja, na hayatoshi hata kidogo ukiyagawa kwa mambo manne.

Na hapo kwenye saa ndipo mnapoumia kuliko pahala popote. Tiketi haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Ikiandikwa 17:00 ni saa 11 jioni, 14:00 ni saa 8 mchana, na 02:00 ni saa 8 usiku, si saa 2. Iliyo mbaya kuliko zote ni ndege ya baada ya saa 6 usiku. Tiketi imeandikwa tarehe 15, saa 00:45. Hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo uwanjani unakwenda tarehe 14 baada ya kusali Isha. Wapo waliokwenda tarehe 15 usiku, wameoga, wamejifukiza, wameagana na ukoo mzima, kumbe ndege iliondoka tangu usiku uliopita. Nauli ikapotea, na kule kurudi nyumbani na begi mbele ya majirani kukawauma kuliko nauli. Basi chukua karatasi, andika kwa maneno yetu wenyewe: siku gani, usiku wa kuamkia lini, saa ngapi. Kisha mpe mtu mwingine aisome pamoja na tiketi. Kuuliza si ujinga, na kuulizia saa ya ndege mara tatu si kumsumbua mtu.

Habari ya mizigo nayo ina mtego wake. Kama tiketi ni moja kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho, uliza pale pale unapoanzia: mzigo unakwenda moja kwa moja au nauchukua Unguja? Kama tiketi ni mbili mbalimbali, ujue mzigo utauchukua mwenyewe na kuupeleka tena kaunta upya, na ndege za nje siku hizi huondokea jengo la tatu la abiria, si pale ulipotelemka na kile kindege cha Pemba. Ndege hizo ndogo nyingi hazikuruhusu zaidi ya kilo 15, kwa hiyo usijaze begi kwa mahaba ya mama. Na ile chupa ya asali, achari ya embe na mafuta ya nazi, vitie kwenye mzigo mkubwa. Ukivibeba mkononi watavichukua kwenye ukaguzi, maana kitu cha majimaji hakitakiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi kwa chupa ya asali, na siwacheki, kwa sababu kilichotupwa pale ni mkono wa mama.

Sasa, utoke au usitoke? Kama kutoka kutua mpaka kuruka hayafiki masaa sita, kaa. Kunywa chai, sali, nyoosha miguu, chaji simu, lala kidogo begi likiwa limefungwa mkononi. Hutakosa kitu. Kama umeshapita dirisha la Uhamiaji na kugongewa muhuri wa kutoka, pia kaa, usianze kutafuta njia ya kurudi nje. Lakini kama una masaa manane, tisa, kumi, nakwambia toka. Usijifungie kwa woga. Mji huu umelelewa na watu wanaosubiri. Karne na karne majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na upepo wa kaskazi, na mabaharia hawakuwa na budi kukaa mpaka kusi ianze kuvuma ndiyo wapate kurudi kwao. Walisubiri miezi, si masaa. Wakauza, wakanunua, wakasali, wakaoa, wakazaa. Wewe na masaa yako matatu si mgeni wa kwanza kushuka hapa na mzigo begani na kuuliza njia.

Ukitoka mlangoni watakudaka papasi. "Dada, teksi! Kaka, Stone Town! Bei poa!" Usiwaogope, wala usiwatukane, ni vijana wanaotafuta riziki. Jibu kwa upole, "Ahsante, nimeshapata," na uendelee na njia yako. Ukitaka teksi, patana bei kabla hujafungua mlango, na mpatane na saa ya kukurudisha kabisa. Ukitaka daladala, ipo namba 505 ya Uwanja wa Ndege. Ni rahisi, na utasikia habari zote za mji kabla hujafika. Lakini daladala inangoja ijae, na wewe hungoji mtu. Kwa hiyo nenda na daladala kama una nafasi, kurudi panda teksi.

Stara jamani. Wapo wanaoshuka na kaptura na mabega wazi kwa kuwa wameona kwenye picha za hoteli za pwani. Mji Mkongwe si ufuoni. Ni mitaa ya watu, ina wazee na madrasa. Hakuna atakayekupiga, ila utajiona mwenyewe macho yanavyokufuata, na ile raha ya kutembea itakutoka. Kanga moja kwenye begi inatosha. Ukimpita mtu mzima, toa shikamoo. Usiinue simu kumpiga picha mtu aliyekaa barazani kwake bila kumwomba. Wewe ungependa upigwe picha umekaa mlangoni kwenu?

Na usiogope kupotea. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi. Huku na huku ni bahari, na upande wa mitaa ya Ng'ambo ni ile barabara kubwa ya Darajani, ambayo zamani ilikuwa hori la maji. Vichochoro vitakuzungusha mpaka usijue kibla ni wapi, lakini ukishika njia moja ukaifuata, utatokea ama baharini ama Darajani. Hapo hata mtoto mdogo atakuonyesha njia ya gari. Kinachokupoteza si vichochoro, ni kule kujifanya unapajua.

Ukiniuliza mimi masaa hayo matatu uyapeleke wapi, nitakwambia Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, mpaka Sultan Barghash alipokubali kulifunga mwaka 1873. Mwaka huo huo msingi wa kanisa kuu la Anglikana ukawekwa papo hapo, na Askofu Edward Steere, aliyeandika sana juu ya lugha yetu, amezikwa ndani yake. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998, na minyororo waliyofungwa shingoni ni ya kweli, ya zama zile. Shuka na kwenye vile vyumba vya chini, uiname kama dari linavyotaka. Usipige picha za kucheka pale, nakuomba. Wale nao walikuwa watoto wa watu waliotolewa kwao, na wengi wao walivushwa bahari hiyo hiyo utakayoiruka jioni. Khasa wewe unayekwenda ugenini kwa hiari yako, na pasipoti yako, na jina lako limeandikwa kwenye tiketi, ni vizuri ukaijua tofauti hiyo kabla hujaondoka.

Ukitoka hapo moyo utakuwa mzito. Usiukimbilize. Tembea pole pole mpaka Sokomuhogo, pale Jaws Corner, wazee wanapokunywa kahawa chungu, wakicheza dhumna na kubishana siasa na mpira. Kikombe kimoja na kipande cha kashata kitakurudisha. Ukifika ufukoni utaiona Ngome Kongwe, na karibu yake Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu ya mwaka 1883. Hiyo itazame kwa nje tu. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, na aliyeizoea tangu utoto hupita akaangalia chini.

Changuu, wadogo zangu, iacheni siku nyingine. Najua mnataka kuwaona kobe, na jela lile la miaka ya 1890 ambalo halikufungiwa wafungwa kama lilivyokusudiwa bali liligeuzwa karantini. Mashua ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi bahari ikiwa shwari. Bahari haikuahidi kitu, na nahodha akikwambia upepo umegeuka, tiketi yako ya ndege haimhusu. Nungwi na Paje ndiyo kabisa, ni safari ya kama saa nzima au zaidi kila upande. Anayekwambia "tunakwenda na kurudi fasta" yeye hana ndege jioni.

Tumbo nalo tulizungumze kwa heshima zake. Kama unapita mchana, kula urojo, ndiyo. Bajia, kachori, viazi, mishkaki na chipsi za muhogo ndani ya ule mchuzi wa ukwaju au embe, nani asiyeupenda? Lakini kama tumbo lako jepesi, au hujawahi kupanda ndege kubwa, kula kidogo na pilipili uiambie kwaheri. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, chakula chake kinaanza Magharibi. Aliye na ndege ya jioni asiisubiri, na aliye na ndege ya usiku wa manane ndiyo karamu yake. Pweza, mkate wa ufuta, maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, uchomewe mbele ya macho yako, na samaki aliyepoa mezani mwachie mwenyewe. Kisha tizama saa. Wengi huachwa na ndege Forodhani, wamekaa ukutani wakitazama watoto wanavyojirusha baharini, wakisema bado mapema.

Ukipita siku ya Ijumaa, jua kuwa mchana maduka mengi yatafungwa kwa sala, na hata dereva wako atataka kusali. Mpangie nafasi hiyo tangu mwanzo, usije ukamgombeza. Ukipita Ramadhani, msafiri ana ruhusa yake, lakini ale kwa kujisitiri. Usitembee na chupa ya maji mdomoni mitaani ukasema mimi mgeni.

Nina neno la pembeni kwa mabinti na vijana mnaokwenda Ghuba kufanya kazi. Masaa haya ni ya mwisho mkiwa kwenu, msiyamalize yote kwa picha. Kaa pahala palipotulia, utoe ule mkataba, uusome tena neno kwa neno: jina la mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko. Usipoelewa, mpigie mtu anayeelewa, sasa, huku simu yako ikiwa na salio. Piga picha ya pasipoti, viza na mkataba, umtumie mama au kaka. Andika namba ya ubalozi wa Tanzania wa Muscat, au ya Abu Dhabi kama unakwenda Emirati, kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwa sababu simu huchukuliwa. Ukiona jambo linakutia shaka, shaka hiyo isikilize ukiwa bado huku. Kurudi nyumbani kutoka hapa Unguja ni rahisi kuliko kurudi kutoka Ghuba.

Baada ya hapo, kama bado una muda, pumzika. Wengine huwa na kitabu. Wapo wanaosafiri na Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ambayo Ida Hadjivayanis ameitia kwenye Kiswahili. Ukurasa mmoja mmoja na usingizi kidogo hupunguza masaa kuliko kuvinjari simu mpaka ikazimika. Simu usiiache izimike. Tiketi yako, fedha zako na namba ya teksi vyote vimo humo.

Nimalize kwa binti aliyeniuliza juu ya yule kaka aliyekaa naye ndegeni, mpole, mcha Mungu, mwenye gari, aliyejitolea kumtembeza mji na kumrudisha uwanjani "bila gharama yoyote". Jibu ni hapana, mdogo wangu. Inawezekana ni mtu mwema kweli, na kama ni mwema hatakasirika ukikataa. Hujui anakaa wapi, hujui saa yake anaihesabu vipi, na begi lako likishaingia kwenye buti la gari lake, wewe si mwenye safari tena. Mwambie ahsante, Mungu akulipe, una mwenyeji wako. Kisha tafuta mama mtu mzima au dada mliyeshuka naye, mgawane teksi. Ukimkosa, panda 505 peke yako mchana kweupe, ukae kiti cha mbele karibu na dereva, umwambie konda akushushe karibu na Mji Mkongwe. Na saa 7 na robo mchana uwe umeshaanza kurudi.